Watano Wakubwa, Wanne Wakubwa, Dada Saba: nani huamua nani aingie kwenye hesabu?

Mwalimu_Busia ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Busia. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa mpakani, na muhula huu wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaandaa gazeti la ukutani ambalo ukurasa wake mmoja mzima utahusu majina ya pamoja wanayopewa wale wanaotawala katika nyanja mbalimbali. Wamekwisha kukusanya mengi: Wanyama Watano Wakubwa wa Afrika, Wanne Wakubwa wa ukaguzi wa hesabu, Dada Saba wa mafuta, Simbamarara Wanne wa Asia, Watatu Wakubwa wa magari kule Detroit, Watatu Wakubwa wa tenisi, Sita Wakubwa wa Ligi Kuu ya Uingereza, na zile kampuni saba za teknolojia za Marekani, zikiwamo Apple, Microsoft, Nvidia na Tesla, ambazo tangu mwaka 2023 watu wa soko la hisa huzitaja kwa pamoja kama Saba wa Fahari.

Kukusanya majina kulikuwa kazi nyepesi. Mjadala ulianza pale binti mmoja ambaye kwao ni Kisoro alipouliza kwa nini sokwe wa milimani, ambaye wageni huvuka bahari kuja kumwona, hayumo katika Wanyama Watano Wakubwa, ilhali nyati, ambaye wanafunzi kadhaa wamemwona kupitia dirisha la basi, yumo. Mwenzake akadakia kwamba twiga ni mrefu kuliko wote na kiboko ni mzito kuliko simba na chui wakiwekwa pamoja, na hao nao hawamo. Darasa zima likawaka.

Ninavyoona mimi, majina haya yana faida kubwa kwa mwanafunzi kwa sababu yanakaa kichwani haraka, lakini yana hatari moja ambayo inanisumbua kama mwalimu: namba iliyomo ndani ya jina humfanya mtoto aamini kwamba orodha hiyo imewekwa na maumbile yenyewe, kama idadi ya vidole vya mkono, wakati kwa hakika kuna mtu aliyehesabu, alikuwa na kipimo chake, na alihesabu katika mwaka fulani. Ninaomba mnisaidie katika mambo matatu. Nani aliyehesabu, na kwa kipimo gani? Jina huwaje pale mmoja wao anapoanguka au mgeni anapopanda? Na je, hapa kwetu Uganda tuna majina ya namna hii yaliyotokana na hali zetu wenyewe?

Nitashukuru zaidi nikipata majibu kutoka kwa watu wanaofanya kazi katika nyanja hizo.

Mwongozaji_Pakwach amejibu:

Mwalimu, mpe pongezi binti wa Kisoro, kwa maana ameuliza swali ambalo watalii wengi hawaliulizi. Ninaongoza wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, na orodha ya Wanyama Watano Wakubwa ndiyo wanayokuja nayo karibu wote: simba, chui, tembo, nyati na kifaru.

Walioihesabu orodha hiyo walikuwa wawindaji. Katika enzi za ukoloni, watu waliokuja kuwinda kwa bunduki waliwaweka pamoja wanyama watano ambao ilikuwa vigumu na hatari zaidi kuwafuata kwa miguu, na ndiyo maana nyati anasimama pale bila shaka yoyote. Nyati aliyejeruhiwa hakimbii moja kwa moja. Huzunguka, hujificha kichakani na kumsubiri anayemfuata. Chui yumo kwa sababu ya usiri na wepesi wake, wala uzito wake haukuhesabiwa. Twiga hakumtisha mwindaji, na kiboko, ambaye anaua watu hadi leo kwenye kingo za maziwa na mito yetu, hakuwa mnyama wa kufuatwa kwa miguu porini. Wanafunzi wakishaelewa kipimo, orodha yenyewe inaeleweka. Kinachoshangaza ni kwamba bunduki imewekwa chini, kamera imechukua nafasi yake, na orodha ya wawindaji imebaki vilevile, ikiuzwa sasa kwa watu wasiotaka kumwona mnyama yeyote akifa.

Kwa upande wa Uganda kuna jambo zito ambalo ningependa liingie katika gazeti lenu. Kwa miaka mingi nchi yetu haikuwa na Watano hao. Ujangili na vurugu za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilimaliza vifaru wote, wa aina zote mbili tulizokuwa nazo. Mwaka 2005 ndipo hifadhi ya vifaru ya Ziwa, katika wilaya ya Nakasongola, karibu na barabara kuu ya kwenda Gulu, ilipoanza kupokea vifaru weupe: wanne kutoka Kenya na wawili kutoka Marekani. Ndama wa kwanza alizaliwa mwaka 2009, na kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani, alipewa jina la Obama. Leo wamezaliana na kupita 30. Kwa hiyo mgeni anayetaka kukamilisha Watano hapa kwetu huunganisha safari: vifaru huko Ziwa akiwa njiani, kisha wanne waliobaki huku kwetu Murchison.

Kuhusu sokwe, kampuni za utalii za Uganda hazikukaa kimya. Nyingi zinatangaza Wanyama Saba Wakubwa, kwa kuongeza sokwe wa milimani na sokwe mtu juu ya wale watano. Mwambie binti kwamba sokwe wa milimani wanaoishi porini duniani kote ni wachache mno, kidogo tu zaidi ya 1,000, na wanapatikana Uganda, Rwanda na Kongo peke yake. Karibu nusu yao wako Bwindi. Mgeni kutoka nje hulipa dola 800 kwa kibali cha kuwatembelea kwa saa moja. Lakini fahamuni pia kwamba Afrika Kusini nao wana Saba wao, katika eneo la hifadhi ya Addo, na humo walioongezwa ni nyangumi na papa mkubwa mweupe. Namba ni ileile, wanyama ni wengine, na kila nchi imehesabu kile ambacho inacho.

Mhasibu_Nakasero amejibu:

Mimi nimekagua hesabu za kampuni hapa Kampala kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu swali la pili, lile la jina kubadilika, kwa kuwa sidhani kama kuna taaluma nyingine ambayo namba imeshuka waziwazi namna hii mbele ya macho ya watu wazima walio hai.

Tunaowaita leo Wanne Wakubwa ni Deloitte, PwC, EY na KPMG, na wote wanne wana ofisi hapa mjini. Wazee waliotufundisha kazi walianza wakati wa Wanane. Mwaka 1989 muungano ulifanyika mara mbili: Ernst & Whinney iliungana na Arthur Young, na Deloitte Haskins & Sells ikaungana na Touche Ross, hivyo wakabaki sita. Mwaka 1998 Price Waterhouse iliungana na Coopers & Lybrand, wakawa watano. Hadi hapo waliopungua walipungua kwa hiari, kwa kuungana.

Kupungua kwa mwisho kulikuwa kwa aina nyingine kabisa. Arthur Andersen ilikuwa mkaguzi wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika mwishoni mwa 2001 baada ya kubainika kwamba hesabu zake zilikuwa zimeficha madeni makubwa. Wafanyakazi wa Andersen waliharibu nyaraka zilizohusu kazi hiyo, na Juni 2002 kampuni ilitiwa hatiani kwa kuzuia mkondo wa haki. Wateja wakakimbia, ofisi za nchi mbalimbali zikajiunga na wapinzani, na jina lililokuwa miongoni mwa majina yenye heshima kubwa katika taaluma yetu likatoweka sokoni katika muda wa miezi michache. Mwaka 2005 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilibatilisha hukumu ile kwa kauli moja. Ilikuwa imechelewa, hapakuwa na kampuni ya kurudishiwa haki yake. Ninawasimulia vijana wanaoanza kazi habari hii kila mwaka kwa sababu ninaamini kwamba heshima ya mkaguzi ndiyo mali yake yote.

Sasa, Mwalimu, naomba wanafunzi wako waangalie jambo ambalo jina hili linaficha. Ukisikia Wanne Wakubwa unafikiri ni kampuni nne zenye mmiliki mmoja mmoja huko London au New York. Ukweli ni kwamba kila moja ni mtandao wa kampuni nyingi, ambapo ofisi ya nchi kwa kawaida humilikiwa na wabia wake, nao hutumia jina la pamoja, taratibu za kazi za pamoja na viwango vya pamoja. Kwa hiyo anayesaini ripoti ya benki ya Kampala ni mhasibu aliyesajiliwa hapa, chini ya sheria za hapa, na akikosea atawajibika hapa. Jina ni la dunia, dhamana ni ya nyumbani.

Kipimo chao ni mapato na ukubwa wa wateja. Hakisemi lolote kuhusu nani anakagua vizuri zaidi, na nimefanya kazi na kampuni ndogo za Uganda ambazo majalada yao ya ukaguzi ningeyaonyesha mahali popote bila wasiwasi.

Shabiki_Wankulukuku amejibu:

Mheshimiwa mwalimu, kwenye michezo mhesabuji mara nyingi ni mwandishi wa habari, na kipimo chake hukisikia ukimuuliza tu, kwa sababu hakiandiki popote.

Chukua tenisi. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba kuna Wanne Wakubwa: Roger Federer, Rafael Nadal, Novak Djokovic na Andy Murray. Ukihesabu mataji makubwa pekee, Djokovic ana 24, Nadal 22, Federer 20, na Murray 3. Stan Wawrinka naye ana 3, lakini hakuna aliyezoea kusema Watano. Je, Murray alipendelewa? Sioni hivyo. Kipimo kilichotumika bila kutajwa kilikuwa kufika mwisho wa mashindano wiki baada ya wiki, kubaki katika nafasi nne za juu mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2016 Murray alifika namba moja duniani, jambo ambalo Wawrinka hakulifikia. Baadaye, majeraha yalipomwangusha Murray na wale wengine wakaendelea kukusanya mataji, namba ikashuka kimyakimya hadi tatu. Kwa hiyo hata jina la Watatu Wakubwa ni uamuzi kwamba sasa tunahesabu mataji.

Ligi ya Uingereza, ambayo sisi Waganda tunaifuata kana kwamba inachezwa katika uwanja wa Nakivubo hapa Kampala, ina mfano unaofanana na huo. Miaka ya 2000 walitajwa Wanne: Manchester United, Arsenal, Chelsea na Liverpool. Fedha za Abu Dhabi zilipoingia Manchester City mwaka 2008, na Tottenham ikapanda, wakawa Sita. Sasa fikirini: Tottenham ilitwaa ubingwa wa ligi mara ya mwisho mwaka 1961. Aston Villa iliutwaa 1981 na mwaka uliofuata ikawa bingwa wa Ulaya, Everton iliutwaa 1987, Leicester 2016. Wote hao watatu wako nje ya Sita. Ndiyo kusema kwamba Sita Wakubwa ni jina la mapato, viwanja na mashabiki wa nje ya nchi, na Aprili 2021 vilabu hivyo sita vilijiunga na mpango wa ligi yao ya pekee ya Ulaya, mashabiki wakaandamana, na ndani ya siku chache vyote vikajiondoa.

Kwa swali lako la tatu: ndiyo, tunao wetu. Wazee wa soka la Uganda wanawajua watatu wa Kampala, yaani SC Villa, Express na KCC, ambayo sasa ni KCCA. Villa ni Jogoo, Express ni Tai Wekundu, na jina langu hapa jukwaani, ambalo ni la uwanja wa Express, linawaonyesha moyo wangu uko wapi. Mechi kati yao zilisimamisha mji. Lakini tangu mwanzoni mwa karne hii hesabu ya watatu imevurugika: URA, timu ya mamlaka ya mapato, ilitwaa mataji manne kati ya 2006 na 2011, na Bunamwaya, iliyochukua ubingwa wa 2010 kisha ikajiita Vipers na kuhamia Kitende, ndiyo imekuwa timu ya kuogopwa zaidi, mwaka 2022 iliitoa TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Villa ilikaa miaka 20 bila ubingwa, tangu 2004 hadi 2024. Hata hivyo, ukikaa na wazee pale Wankulukuku watakuambia wakubwa ni watatu, na hawasemi uongo: wanahesabu historia, mapenzi ya watu na machozi yaliyomwagika, na kwa kipimo hicho Vipers bado ni mgeni.

Mchomeleaji_Hoima amejibu:

Ninafanya kazi za kuchomelea mabomba huku Bunyoro, na Dada Saba ni habari ambayo kila kijana wa huku anastahili kuijua kabla mafuta hayajaanza kutiririka.

Jina hilo lilienezwa na Enrico Mattei, aliyeongoza kampuni ya mafuta ya taifa ya Italia, ENI, katika miaka ya 1950. Hakulitoa kwa kusifu. Alikuwa akilalamika kwamba kampuni saba, tano za Marekani, moja ya Uingereza na moja ya Waingereza na Waholanzi, zimejifungia mafuta ya Mashariki ya Kati na kuwaacha wengine nje. Saba hizo ni zile ambazo baadaye tulizijua kama Exxon, Mobil, Chevron, Gulf, Texaco, BP na Shell. Hapa ndipo ninapotaka kuongeza jambo kwenye hoja za waliotangulia: mwindaji alihesabu wanyama aliotaka kujisifu nao, mwandishi wa michezo alihesabu wachezaji aliowapenda, lakini Mattei aliwahesabu wapinzani wake. Jina lililotolewa na aliyefungiwa mlango lina uchungu ambao jina la sifa halina, na mwanafunzi anapaswa kuutambua.

Kisha zikaja zile nchi zenyewe zenye mafuta. Septemba 1960, mjini Baghdad, Iran, Iraki, Kuwait, Saudi Arabia na Venezuela zilianzisha OPEC, na katika miaka ya 1970 nchi nyingi zilichukua mafuta yao mikononi mwao. Wale dada nao wakaanza kuolewa wao kwa wao: Gulf ikaingia Chevron katikati ya miaka ya 1980, Exxon na Mobil zikaungana 1999, Chevron na Texaco 2001. Saba wakawa wanne. Mwaka 2007 gazeti la Financial Times liliorodhesha Dada Saba wapya, na safari hii zote zilikuwa kampuni zinazomilikiwa au kudhibitiwa na serikali nje ya nchi tajiri za Magharibi, kama Saudi Aramco, Gazprom ya Urusi, Petrobras ya Brazil na Petronas ya Malaysia. Namba saba ilihifadhiwa, lakini hakuna hata mmoja wa wale wa kwanza aliyebaki ndani yake.

Kwetu huku hakuna hata mmoja wa Saba wa kwanza anayechimba. Tilenga, katika Buliisa na Nwoya, inaendeshwa na TotalEnergies ya Ufaransa, ambayo mzazi wake alishiriki mapema katika mafuta ya Iraki na Iran hata wengine wakamwita dada wa nane. Kingfisher, kule Kikuube, inaendeshwa na CNOOC ya China. Bomba la kwenda Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na kwa kuwa mafuta yetu yana nta nyingi na huganda, bomba lazima lipashwe moto njia nzima. Katika bomba hilo TotalEnergies ina asilimia 62, kampuni za taifa za Uganda na Tanzania zina asilimia 15 kila moja, na CNOOC ina 8. Hesabu hiyo ndiyo ambayo mimi ningeibandika ukutani, kwa sababu inaonyesha nani ana sauti, na haihitaji jina la utani.

Na mkiona kituo cha Shell barabarani, wanafunzi wajue kwamba jina ni la Shell lakini vituo hivyo huendeshwa na kampuni nyingine, Vivo Energy, inayotumia jina hilo kwa mkataba. Hili linakubaliana na alichosema ndugu yetu Mhasibu kuhusu jina la dunia.

Mwalimu_Busia ameongeza:

Ndugu zangu, nimesoma kila neno na nimechapisha majibu ya Mwongozaji na Mchomeleaji ili wanafunzi wayasome wenyewe. Yale ya Detroit tutayapitia kwa ufupi, kwa kuwa hapa Busia magari yanayopita barabarani mengi ni Toyota zilizotumika Japani, na General Motors, Ford na Chrysler ni wakubwa wa mahali pengine.

Kumebaki jambo moja. Hadi sasa mmezungumzia majina ambayo watu wa nje huwapachika wengine. Je, kuna kundi lililopewa jina na mtu wa nje, kisha lenyewe likalikubali na kulifanya kuwa chama? Na mataifa makubwa nayo yahesabiweje, kwa maana wanafunzi wameleta G7 na BRICS wakiziweka katika safu moja?

Mstaafu_Entebbe amejibu:

Mwanangu Mwalimu, nilitumikia serikali katika mambo ya nje hadi nilipostaafu, kwa hiyo hili ni langu.

Mfano unaoutafuta ni BRICS yenyewe. Mwaka 2001 mchumi wa benki ya Goldman Sachs, Jim O'Neill, aliandika kuhusu uchumi unaokua haraka wa Brazil, Urusi, India na China, akaunganisha herufi za kwanza za nchi hizo ili wawekezaji wazikumbuke. Lilikuwa jina la soko. Lakini viongozi wa nchi hizo nne walilichukua, wakafanya mkutano wao wa kwanza wa kilele mjini Yekaterinburg mwaka 2009, kisha wakaikaribisha Afrika Kusini, ambayo O'Neill mwenyewe aliiona ndogo mno kwa kipimo chake cha uchumi. Kipimo cha viongozi kilikuwa kingine: walitaka Afrika iwakilishwe. Baadaye zikaingia Misri, Ethiopia, Iran, Falme za Kiarabu na Indonesia, na herufi hazikuongezwa tena. Uganda ni nchi mshirika wa kundi hilo tangu Januari 1, 2025, yaani si mwanachama kamili, na wanafunzi watofautishe hayo mawili.

G7 ni kinyume chake. Ilianza kama kikao cha wenyewe kwa wenyewe huko Rambouillet, Ufaransa, mwaka 1975, wakiwa sita: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Japani, Uingereza na Marekani. Kanada iliingia 1976. Urusi ilipoongezwa katika miaka ya 1990 wakaitwa G8, na iliposimamishwa mwaka 2014 kwa sababu ya kuitwaa rasi ya Crimea kutoka Ukraine, wakarudi saba. Hawa hubadilisha namba kila mtu anapoingia au kutoka. China na India hazimo, ingawa uchumi wao umeupita ule wa baadhi ya waliomo, kwa sababu lango la kundi hilo hufunguliwa na waliomo ndani.

Ninaomba pia muandike kuhusu Kundi la 77, hata kama si kundi la wenye nguvu, kwa kuwa Uganda ni mmoja wa waanzilishi wake. Juni 1964 nchi 77 zinazoendelea ziliungana katika Umoja wa Mataifa ili zipate sauti moja katika biashara. Leo wanachama ni zaidi ya 130, na jina limeachwa lilivyo kwa heshima ya historia yake. Januari 2024 mkutano wake wa kilele wa nchi za Kusini ulifanyika hapa kwetu, Munyonyo, na Uganda ikawa mwenyekiti wa kundi kwa mwaka huo. Nilifurahi sana kuona wajumbe wa nchi nyingi kiasi hicho wakiketi mjini Kampala. Kizazi chetu kilipigania viti hivyo, na sitaki wajukuu wajifunze tu orodha za wale waliokuwa navyo tangu mwanzo.

Msikilizaji_Bombo amejibu:

Mama Mstaafu wa Entebbe amesema vizuri, nami nitaongeza la nyumbani, kwa sababu swali la tatu la Mwalimu limejibiwa kwa soka peke yake.

Katika muziki wa Uganda, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu walizoea kutaja Watatu Wakubwa: Jose Chameleone, Bebe Cool na Bobi Wine. Kila mmoja alikuwa na kundi lake, yaani Leone Island, Gagamel na Fire Base, na vijana wa mitaa walichagua upande kama wanavyochagua timu. Chameleone alitufurahisha zaidi sisi wa Bombo kwa kuwa aliimba Kiswahili akakichanganya na Kiganda bila kuona haya, wakati ambapo Waganda wengi bado walikiona Kiswahili kuwa lugha ya kambi za jeshi.

Hesabu hiyo ya watatu ilikuwa na maana: walijaza viwanja, walivuka mipaka, na ushindani wao ulilazimisha kila mmoja kutoa kazi mpya. Lakini mimi ninaipinga kama hesabu ya muziki mzima wa kipindi kile. Juliana Kanyomozi alikuwa akisikika katika kila redio, na wasichana watatu wa Blu*3, waliokutanishwa mwaka 2004 na shindano la Coca-Cola Popstars, walijulikana Afrika Mashariki nzima. Hakuna aliyewahi kusema Wanne au Watano ili Juliana apate nafasi. Waliohesabu walikuwa watangazaji na waandaaji wa matamasha, na walihesabu ugomvi uliouza tiketi. Mwanamke aliyeimba vizuri bila kugombana na mtu hakuwa na pa kuwekwa katika hesabu ya namna hiyo.

Mwalimu, kama ukurasa bado una nafasi, waambie wanafunzi waulize nyumbani kwao, huko Busia na popote wanapotoka, wanamuziki gani wa kike walitawala sherehe na redio za eneo lao katika miaka ile, wayaandike majina hayo kandokando ya wale watatu, na kila jina liwe na mwaka na jina la mahali.